Fungua Jalada Lako: Mwongozo kwa Afisa Ustawi wa Jamii Anayeanza Kuchoka

Siku niliyojua kwamba nimeharibika ilikuwa Jumatatu, saa tano asubuhi. Mama mmoja kijana aliingia ofisini na mtoto mgongoni, vumbi limempanda miguuni hadi magotini, amekuja kudai matunzo. Alikuwa wa sita tangu nifungue mlango. Kabla hajamaliza kueleza nikamuuliza, "Na wewe ulizaa naye ukitegemea nini?" Aliniangalia, akakaza khanga ya mtoto, akatoka. Hakurudi. Nimefanya kazi hii miaka 11 katika halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma, na swali lile nilikuwa nimelisikia mara nyingi kwa wanaume waliotelekeza watoto wao. Sikutegemea kulisikia kinywani mwangu.

Nilichokuwa nacho kina jina, kina dalili na kina tiba, ila kwetu hakuna aliyekuwa amekifungulia jalada. Ofisini kwetu kuna jalada la mzee aliyetelekezwa, la mtoto aliyeokotwa stendi, la wanandoa wanaorushiana masufuria. Langu halikuwepo. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata utaratibu uleule tunaoutumia kwa wateja kila siku: kupokea, kutathmini, kupanga, kutoa rufaa, kufuatilia. Safari hii mteja ni wewe.

1. Fungua jalada

Nunua daftari dogo la shule. Lisikae ofisini, masjala zetu tunazijua. Kila usiku kwa siku 14 andika mistari mitano tu: umelala saa ngapi na kuamka saa ngapi, umekula mara ngapi, umemfokea nani, shauri gani limekufuata nyumbani, na umekunywa nini. Jina la mteja usiandike, wala la kijiji chake. Herufi moja inatosha kukukumbusha.

Siku 14 zina sababu. Daktari hasemi mtu ana sonona kwa sababu ya siku mbili mbaya. Anaangalia kama huzuni, au kukosa hamu na mambo uliyokuwa ukiyapenda, kumekaa nawe karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Na kichwa hakitunzi hesabu vizuri. Mimi ningeapa kwamba nalala masaa saba. Daftari lilionyesha manne, na kwamba nikishtuka saa tisa usiku silali tena mpaka adhana.

2. Tathmini: kipi ni kipi

Sisi wenyewe huwa tunayaita yote "stresi" na kuendelea. Lakini kuna mambo matatu hapa, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni uchovu wa kazi, ule wa kuungua ndani taratibu kama mkaa. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York ndiye aliyeuandikia mwaka 1974, baada ya kuwaona wahudumu wa kujitolea wakiisha nguvu, na yeye mwenyewe akiwamo. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019 liliuweka humo kama hali inayotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Una alama tatu: nguvu zimekwisha, moyo umeota sugu kiasi kwamba mteja anakuwa "hawa watu", na unaona kila ufanyacho hakina maana. Swali langu kwa yule mama lilikuwa alama ya pili, ya wazi kabisa.

La pili ni kubeba kiwewe cha wengine. Hujabakwa wewe, hujachomwa moto wewe, lakini umekaa na mtoto aliyefanyiwa hayo, umejaza naye fomu, umemsindikiza hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mkononi. Baada ya hapo picha zinakuja zenyewe. Unamkataza binti yako kwenda dukani peke yake mchana kweupe. Unamtazama vibaya mjomba ambaye hajafanya lolote. Hili linaweza kumpata hata afisa asiye na mashauri mengi, maana shauri moja linatosha.

La tatu ni sonona yenyewe, ambayo ni ugonjwa. Kipimo changu cha kienyeji ni likizo. Mchovu wa kazi akienda Kondoa kwa shemeji yake, akila vizuri na kulala, siku ya tano anaanza kucheka. Mwenye sonona huifunga na mizigo yake na kufika nayo Kondoa. Kipimo hiki si cha daktari, ila kinakuonyesha pa kuanzia.

Usisahau mwili. Wengi wetu hatusemi "nina huzuni", tunasema kichwa kinagonga, tumbo linawaka, mgongo umekaza. Tunapimwa malaria, taifodi na UTI, tunatoka na dawa za zote tatu, wiki inayofuata tuko palepale. Kama vipimo vinarudi safi mara ya tatu, mwambie daktari unafanya kazi gani.

3. Hesabu mzigo

Kaa na majalada yako yote yaliyo wazi na uyapange mafungu matatu: mepesi, ya kati, mazito. Uzito upime kwa namna shauri linavyokukaa moyoni. Idadi ya kurasa haisemi lolote. Barua ya msamaha wa matibabu kwa mzee ni nyepesi. Mgogoro wa ndoa uliokuja mara ya tatu ni wa kati. Taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo hakimu anaisubiri Alhamisi, kuhusu mtoto aliyelawitiwa na ndugu wa damu, ni nzito hata kama ni kurasa nne.

Kanda yetu ina mizigo yake, na mwongozo ulioandikwa Dar es Salaam hauwezi kuijua. Chukua lawalawa. Ni jina ambalo Dodoma na Singida watu huyapa maradhi ya sehemu za siri za watoto, na imani kwamba dawa yake ni kukeketa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilipopiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, baadhi ya familia hazikuacha, zilihamia kwa watoto wachanga, kimya kimya. Afisa anafika kwenye boma, anakuta bibi, mama, shangazi, na kichanga. Wote wanamkaribisha vizuri, wanampa kigoda, wanamsalimia kwa Kigogo, "mbukwa", na hakuna anayejua lolote. Anaondoka na ushahidi ambao haumfungi mtu. Shauri la namna hiyo halina kilele wala mwisho, na ndiyo sababu linakaa kichwani. Liweke fungu la mazito hata kama jalada lake lina karatasi moja.

Ukimaliza, andika namba tatu kwenye daftari. Utazihitaji hatua ya sita.

4. Panga mwisho wa siku

Kazi yetu haina kengele ya kutokea. Kwa hiyo tafuta mlango wa kuifungia, na uwe mahali halisi. Kwangu ni mbuyu mmoja njiani. Nikitoka vijijini na bodaboda, dereva wangu anajua kwamba tukiufikia tunasimama dakika tano. Nanawa uso kwa maji ya chupa, nakung'uta vumbi, naandika kwenye kipande cha karatasi jambo moja la kufanya kesho kuhusu shauri la leo. Karatasi inaingia mfukoni mwa begi na haitoki mpaka asubuhi. Mwanzoni dereva alidhani nina tambiko.

Simu ni ngumu zaidi. Namba yangu ilikuwa kwa wenyeviti wa vitongoji, watendaji, walimu, na kwa kila mke aliyewahi kupigwa katika kata tatu. Kuzima kabisa dhamiri ilikataa. Nilichofanya ni kutafuta laini ya pili, ya kazi, nikawatangazia watendaji kwamba baada ya saa 1 jioni haipokelewi. Kisha, na hili ndilo la muhimu, nikawapa pa kupiga: 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Usifunge mlango wako bila kuonyesha mwingine. Miezi miwili ya kwanza walilalamika. Sasa watendaji wawili wamebandika 116 ukutani.

Pombe: andika kiasi kwenye daftari na usijidanganye. Glasi ya mvinyo wa zabibu zetu siku ya Jumamosi haina neno. Kama huwezi kulala bila kinywaji, hapo pombe imeshageuka dawa ya usingizi, na ni dawa mbaya: inakulaza haraka na kukuamsha saa tisa.

5. Tafuta watu wanne

Nchi zenye utaratibu uliokomaa, afisa ustawi ana msimamizi wa kitaaluma anayekaa naye mara kwa mara, na mazungumzo yao ni kuhusu mashauri na yanavyomgusa, mbali na masuala ya mahudhurio na posho. Sisi wengi tuna mkuu wa idara anayeuliza taarifa ya robo mwaka. Ukisubiri upewe msimamizi utastaafu. Unda kikundi.

Wanne wanatosha, sita ni mkutano. Sisi tuko wawili wa ustawi, muuguzi wa kituo cha Mkono kwa Mkono kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, na askari mmoja wa Dawati. Tunakutana Ijumaa moja kila wiki mbili, saa kumi jioni, mahali pasipo na televisheni. Kila mmoja ana dakika 15. Dakika tano anaeleza shauri lililomkaa, bila jina, bila kijiji. Dakika tano wengine wanauliza maswali tu. Dakika tano za mwisho anasema atafanya nini, na kama haiwezekani kufanya kitu, anasema hivyo.

Kanuni ni mbili. Hakuna kumshauri mtu ambaye hajaomba ushauri, jambo ambalo kwa maafisa ustawi ni kama kumwambia mbuzi asile majani. Na hakuna kushindana. "Hilo dogo, mimi jana nilipata…" ni sentensi iliyokwisha kuua vikundi viwili ninavyovijua.

Semina ya siku moja hotelini, yenye bango, sambusa na picha ya pamoja, haiwezi kuchukua nafasi ya kikundi hiki. Nenda, kula sambusa, lakini usifute Ijumaa yako.

Shauri zito likitokea, kama kifo cha mtoto uliyekuwa ukimfuatilia, msisubiri Ijumaa. Lakini msimlazimishe mwenzenu kusimulia yote siku ileile. Watu wema hufanya hivyo wakidhani wanamsaidia "kutoa yaliyo moyoni". Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011, linashauri tusimshinikize mtu aliyetoka kwenye tukio kulieleza hatua kwa hatua. Mpelekee chakula. Mpokelee simu za wateja kwa siku mbili tatu. Kaa naye. Akitaka kusema, sikiliza.

6. Mwandikie mkuu wako

Hapa ndipo wengi wanaishia. Wanalalamika kantini, na ofisi hutunza barua, minong'ono haina masjala. Andika barua fupi, yenye namba ulizozipata hatua ya tatu. Mfano:

"Hadi leo nina mashauri 63 yaliyo wazi, kati yake 14 ni ya ukatili wa kingono dhidi ya watoto. Katika miezi mitatu iliyopita nimekwenda mahakamani mara 9 na nimetishiwa mara 2 nikiwa kwenye ziara za nyumbani. Naomba: (a) mashauri mapya ya ukatili wa kingono yazungushwe kati ya maafisa, (b) ziara zenye tishio zifanywe na watu wawili, (c) nipewe siku moja kwa wiki isiyo na wateja kwa ajili ya kuandaa taarifa za mahakama."

Ona kwamba hakuna neno "nimechoka". Ukiandika umechoka utajibiwa "sote tumechoka", na atakuwa anasema kweli. Ona pia kwamba hakuna ombi lenye gharama kubwa. Gari hutapata, kumhamisha mtu kutoka dawati moja kwenda jingine kunawezekana hata bajeti ikiwa sifuri. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo.

Mkuu wangu wa wakati ule aliikalia barua wiki tano. Nilikwenda kumwamkia, nikaikumbushia kwa adabu, akanikubalia (b) peke yake. Hiyo (b) ilinirudishia usingizi wa nusu ya wiki, kwa hiyo sidharau ushindi mdogo.

Chukua likizo yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka. Likizo unayoitumia kuandika taarifa za mahakama sebuleni ni ofisi iliyohamishwa.

7. Rufaa

Nenda hospitali kama daftari linaonyesha wiki mbili za huzuni au kutojali karibu kila siku, kama usingizi na hamu ya kula vimevurugika, kama picha za shauri zinakuingilia ukiwa kazini au ukiendesha pikipiki, au kama watu wawili wa nyumbani, kila mmoja kwa wakati wake, wamekuuliza una nini. Mke, mume na mtoto wa darasa la tano huona kabla yetu.

Wilayani anza na daktari wa hospitali ya wilaya. Mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji bado tunaiita General. Na kuna Mirembe.

Tuizungumze Mirembe, maana kila mtu anaizunguka. Ilianzishwa mwaka 1927, leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima. Mtu akitaka kumwambia mwenzake kichaa humwambia "wewe wa Mirembe". Sisi tunaoishi nayo jirani hatujasalimika. Mimi nimepeleka wagonjwa pale mara nisizoweza kuzihesabu, walinzi wananijua kwa sura. Nimewahubiria ndugu zao kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Ilipofika zamu yangu nilibeba jalada tupu kwapani, ili yeyote atakayeniona ajue nimeleta mteja. Muuguzi wa mapokezi alitazama nyuma yangu, akauliza, "Afisa, mgonjwa yuko wapi leo?" Nikamwambia, "Nimekuja naye." Alinitazama kidogo, akavuta kiti, akasema, "Karibu, keti." Hakucheka wala hakuita mtu.

Utakachokutana nacho ni cha kawaida. Daktari anaweza kukupa orodha ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3. Daftari lako limeshayajibu nusu. Anaweza kuagiza kipimo cha damu, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingoni huweza kujifanya sonona. Wapo wanaohitaji mazungumzo ya ushauri tu, wapo wanaohitaji dawa, wapo wanaohitaji vyote. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na wiki ya kwanza unaweza kuona madhara yake tu. Usiziache mwenyewe kwa sababu umeanza kujisikia vizuri. Kuziacha kunafanywa taratibu, kwa mkono wa daktari. Mchungaji au shehe aendelee kukuombea. Mweleze tu kwamba unatumia dawa, na akikuambia uzitupe, tafuta mwingine.

Kama mawazo ya kufa yamekuja, hata kwa sura ya upole, kwamba "bora nisiamke kesho", usipange foleni ya kliniki wala usisubiri Jumatatu. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno ya wazi, na aende nawe hospitali yoyote iliyo karibu, sehemu ya dharura. Akae nawe. Dawa za panya na za mifugo zitoke ndani ya nyumba. Wengine huogopa kusema kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kumwambia daktari kwamba mawazo hayo yapo si jaribio, wala hakuna kifungu kinachokukataza kuomba matibabu.

8. Ufuatiliaji

Jalada hili halifungwi, linapumzishwa. Kila robo mwaka lifungue tena kwa siku 14, mistari mitano ileile, kisha linganisha na zile za kwanza. Mimi nilijua napona kwa jambo dogo: mstari wa "umemfokea nani" ulikaa wazi siku tisa mfululizo.

Nimebadili na foleni. Baada ya mteja wa nne nafunga mlango dakika kumi, nakunywa maji, natembea mpaka kwenye mwarobaini na kurudi. Watu walio kwenye benchi wanajua. Yule mama wa matunzo nilimtafuta kupitia mtendaji wa kata yake. Alikuwa amehamia kwa dada yake Manyoni, na shauri lake nimelihamishia huko kwa barua.

Daftari langu sasa ni la tatu, liko juu ya kabati karibu na pasi. Linafunguliwa tena Julai 1, na mwenzangu wa Chemba ndiye mwenye kazi ya kunikumbusha.